Karatasi ya Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mheshimiwa Gavana wa jimbo letu; Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Umeme pamoja na wajumbe wa bodi yako; Baba Mchungaji; wazee wa koo nne za bonde la Nerawa, ambao mlima huu ulikuwa wenu kabla haujatobolewa na ungali wenu baada ya kutobolewa; Bwana Pascoe, mwanajiolojia mkuu, uliyetoka Brisbane kuja kusimama nasi juani; akina mama mliowashia mawe moto tangu alfajiri ili sisi tule mchana; wachimbaji wa zamu zote tatu; ndugu wageni waalikwa: nawaamkia kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake, na kama nimempita mtu namwomba radhi, kwa kuwa macho yangu siku hizi yanauona mwamba vizuri kuliko yanavyoona nyuso za watu.

Naomba radhi pia kwa jambo la pili. Ratiba mliyo nayo mikononi inasema, “Mzee Yakobus Gende atasema machache, kisha atataja jina la anayempendekeza kuongoza upimaji wa mwamba katika handaki la pili.” Hayo machache nimeyaandika kurasa saba. Nilijaribu kuyapunguza nikashindwa. Waliotufundisha katika shule ya misheni walitufundisha kuinama kabla ya kusema, lakini hawakutufundisha kunyamaza upesi tukishaanza.

Baada ya saa moja, Mheshimiwa Gavana atazungusha gurudumu lile pale, na maji ya Nerawa yataingia katika handaki letu kwa mara ya kwanza. Wengi mmekuja kuyaona maji. Mimi, niwieni radhi, nimekuja kuuaga mwamba. Nimeupima kutoka mlango huu wa chini hadi pale tulipokutana na wenzetu wa mlango wa juu, mita elfu mbili mia mbili na kumi na nne, na kwa kila hatua ya baruti nimejaza karatasi moja. Ni karatasi mia saba thelathini na nane. Na katika mlango huu wa chini, ndugu zangu, halikutoka jeneza hata moja. Nalisema hili kwa fahari, na katika fahari hiyo siombi radhi.

Wako miongoni mwenu wasiojua tunachofanya humo ndani tukiwa na nyundo na kalamu. Naomba niwaeleze kwa njia ninayoijua.

Akina mama wetu wanapochagua mawe ya kuchomea viazi na nguruwe, hawaokoti tu. Marehemu mke wangu, Wena, ambaye leo angekuwa amekaa pale mbele akinionyesha kwa kidole kwamba kola yangu imepinda, alikuwa akishuka mtoni na jiwe dogo mkononi, akigonga kila jiwe kubwa na kutega sikio. Lililoitika kwa sauti kali aliliweka katika mfuko wake wa kusuka. Lililotoa sauti nzito ya uvivu alilitupa. “Hili lina kidonda ndani,” alikuwa akisema. “Tukiliweka motoni litatupasukia usoni.” Na mara nyingi kando yake alikuwepo mtoto wa kike, binti wa mdogo wake wa kiume, akigonga mawe yake mwenyewe na kumwuliza, “Shangazi, na hili? Na hili je?”

Huyo mtoto mkumbukeni. Nitarudi kwake.

Basi nasi hufanya vivyo hivyo, ila jiwe letu ni mlima mzima. Baruti ikishalia, moshi ukishatoka na mawe yaliyolegea yakishaangushwa kwa mitaimbo, tunausogelea ukuta wa mbele, tunaouita uso wa handaki, na tunaupa alama. Tunauliza: mwamba wenyewe una nguvu kiasi gani? Umekatika vipande vikubwa au vidogo? Nyufa zake zimeachana kwa umbali gani? Ndani ya nyufa mna nini, mwamba juu ya mwamba, au udongo wenye utelezi? Maji je, ni unyevu tu au yanadondoka? Kila jibu lina alama zake, na alama zinajumlishwa. Mwisho tunatazama nyufa zimelalia upande gani, na kama zinatuinamia vibaya, tunatoa. Mwamba usio na dosari hupata mia moja. Mimi sijawahi kuuona. Nadhani uko mbinguni.

Jumla hiyo ndiyo inayoamua paa litashikiliwa na nini. Ikizidi arobaini, tunaingiza boliti ndefu za chuma, tunatandaza wavu wa waya, tunanyunyiza zege jembamba, na kazi inaendelea siku ileile. Ikipungua arobaini, boliti zinakaribiana, zege linakuwa nene, na tunasimamisha matao ya chuma, moja kila mita moja na nusu, na kazi inakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mnaona basi kwamba kati ya alama thelathini na tisa na alama arobaini na moja pana uhai wa watu, na pana pia haraka ya watu, na mpimaji amesimama katikati akiwa na kalamu ya risasi.

Niliajiriwa nikiwa mbeba mfuko. Wapimaji walitoka ng'ambo; mimi niliwabebea mawe waliyoyachagua. Leo kila karatasi ya mlango wa chini imeandikwa na mkono wa mtu aliyezaliwa katika bonde hili. Wazee wangu, mlipotupa ardhi yenu mlisema, “Msituletee wageni wa kutuambia mlima wetu ukoje.” Hatukuwaletea. Jipigieni makofi.

Asanteni. Sasa naingia katika jambo lililonileta.

Karatasi ya mia mbili na kumi na mbili iliandikwa miaka mitatu iliyopita, mita mia sita thelathini na sita kutoka mlangoni, siku ya Jumanne, saa nne za asubuhi. Zamu ilikuwa ya pili, na msimamizi wa zamu ya pili mnamfahamu wote. Amekaa safu ya tatu, mwenye kofia ya manyoya ya kuskusi, yule mnyama wetu wa mitini. Ni mdogo wake marehemu mke wangu, yaani shemeji yangu. Wageni wetu watanisamehe nisipomtaja kwa jina: kwetu mtu hatamki jina la shemeji yake, wala mbele yake wala nyuma yake, na mimi sijalitamka tangu siku nilipomwoa dada yake, miaka arobaini na mmoja sasa. Hata katika karatasi zangu, pale penye nafasi ya jina la msimamizi, niliacha wazi, akajaza mwenyewe.

Sifa zake ni hizi. Hakuna mtu katika bonde hili aliyetoboa mwamba mrefu kuliko yeye. Hajawahi kumtuma mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hajasimama kwanza. Na katika majira yale alikuwa na jambo moja moyoni: kufika pale pa kukutania kabla ya wenzetu wa mlango wa juu. Nao wa juu, nawaona mnatabasamu, hamkutuacha tupumue. Kila asubuhi mlipiga simu ya handaki: “Hamjambo huko chini? Bado mnaukuna mwamba kwa kucha?” Na wa kwetu waliwajibu, “Fungeni vizuri viatu vyenu, tunakuja kuwagongea mlango!”

Asubuhi ile tulikuwa wapimaji wawili. Mimi, mkubwa wa karatasi. Na Debora, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, miezi kumi na mmoja tangu arudi kutoka chuo kikuu cha Lae. Ni binti wa shemeji yangu. Ni yule mtoto wa mtoni. Ananiita mjomba, ingawa kwa haki mimi ni mume wa shangazi yake.

Tulianza kugonga. Upande wa kulia mwamba uliitika kama kengele ya kanisa. Tulipofika juu kushoto, nyundo yake ikatoa sauti ya mtu anayepiga gunia la viazi.

“Mjomba, njoo usikie hapa.”

“Nimesikia.”

“Umesikia nini?”

“Nimesikia, binti.”

Shemeji akatuita kutoka nyuma, watu wake wanane wamesimama na mashine: “Mnaongea na mawe? Likiwajibu moja mniite, nina salamu zake!”

Wakacheka. Debora hakucheka. Alipanda juu ya rundo la kifusi, akaingiza kidole katika ufa. “Baba, huu una udongo. Tazama, kucha yangu inazama.”

“Kucha zako ndefu. Wa chuo kikuu wote mna kucha ndefu.”

“Na haya maji si unyevu. Yanadondoka.”

“Mlima ukilia, wewe ndiye wa kuufuta machozi? Debora! Watu wanangoja.”

“Na wangoje, Baba. Wangoje wakiwa wazima.”

Hapo kicheko kikaisha. Naomba mwelewe, wageni wetu: binti kumjibu baba yake hivyo, mbele ya watu anaowaongoza, si jambo dogo kwetu. Shemeji hakumtazama tena. Alinigeukia mimi. “Shemeji, mkubwa wa karatasi ni wewe. Unasemaje?”

Nilikuwa na daftari dogo mfukoni. Ndani yake, wao wakibishana, nilikuwa nimekwisha andika hesabu yangu. Mambo matatu ya kwanza hayakuwa na ubishi: saba, kumi na tatu na kumi, jumla thelathini. Hali ya nyufa, kwa sababu ya ule udongo, nilikuwa nimeipa kumi. Maji saba. Nikatoa kumi kwa kuwa nyufa zilituinamia vibaya. Jumla yangu ilikuwa thelathini na saba. Thelathini na saba, mabibi na mabwana, ni matao ya chuma.

Nilimjibu nini? Nilimjibu, “Shemeji ameukaa mwamba huu miaka mingi.”

Hayo ndiyo maneno yangu. Yalikuwa ya kweli na yalikuwa ya uongo. Kisha katika karatasi rasmi nikazipa nyufa ishirini badala ya kumi, nikatoa tano badala ya kumi, nikapata hamsini na mbili, nikatia saini. Shemeji akatia yake.

Kwa nini? Wena alikuwa na miezi mitatu kaburini. Mnajua mjane wa kiume anavyowiwa na watu wa nyumba ya mkewe katika mwaka wa kwanza: anatembea kwa kuinamisha kichwa, anakula baada yao, hampingi ndugu wa marehemu hata akisema mvua inapanda juu. Ningempinga mbele ya watu wake, ningekuwa nimemtupia mavumbi dada yake aliyelala. Ndivyo nilivyojiambia. Wa ng'ambo asingefanya kosa hili, angefanya jingine. Kosa hili ni letu sisi, na nililifanya mimi.

Debora alikuwa mdogo wangu kazini, naye Wena alikuwa shangazi yake aliyemlea. Alikuwa na sababu zote nilizokuwa nazo, na zaidi. Akachukua karatasi ya pingamizi. Kila mpimaji anayo mfukoni na karibu hakuna anayeitumia, kwa kuwa ikishaandikwa, mtu yeyote haruhusiwi kusimama chini ya paa jipya mpaka mwanajiolojia mkuu aje alione mwenyewe. Akaandika: nyufa kumi, maji manne, toa kumi, thelathini na nne. Akatia saini, akampa baba yake.

“Umeniaibisha mbele ya watu wangu,” shemeji alimwambia, kwa sauti ya chini sana.

“Najua, Baba. Ukitoka humu na miguu yako yote miwili, nitakuja nyumbani kukuomba msamaha. Nitaleta kuku.”

“Kuku! Kwa aibu hii? Nguruwe!”

“Basi nguruwe.”

Mmoja wa wachimbaji akasema, “Msimamizi, awe mnono, nasi tumeaibika.” Wakacheka kidogo, wakazima mashine, wakatoka nje kukaa juani na kutafuna popoo.

Barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko, kwa hiyo Bwana Pascoe alifika siku ya tatu, nusu ya njia kwa miguu. Bwana Pascoe, nilikuomba ruhusa jana kulisema hili, nawe ukanipa kwa ungwana, nakushukuru. Ulitazama kwa muda mrefu. Ulikuwa na karatasi yenye saini mbili za watu wazima upande mmoja, na saini moja ya msichana upande wa pili. Uliagiza matao yasimamishwe. Lakini katika jalada, kwa kutegemea saini yangu, uliandika: “Matao yameruhusiwa ili kuondoa ubishi. Mpimaji mdogo ana woga kupita kiasi. Wakubwa wawili wameuona mwamba kuwa wa wastani.”

Siku sita zilipotea. Wenzetu wa juu wakatutangulia kufika. Siku tulipokutana, walikuwa wamekwisha keti upande wao wakiimba, na wimbo wao ulikuwa na jina jipya la Debora. Walimwita Siku Sita. Mpaka leo yupo anayemwita hivyo. Kule nyuma nimesikia mmoja akinong'ona sasa hivi. Usijifiche, ndugu yangu. Nataka wewe hasa unisikilize.

Na nguruwe? Alileta. Alimleta kwa kamba, mchana, njia yote ya kijiji ikiona, akaomba msamaha kwa baba yake kama alivyoahidi. Nguruwe akachinjwa, akagawanywa. Mimi, kama mume wa marehemu shangazi yake, nililetewa mguu wa nyuma.

Niliula.

Mwenye haki ndiye aliyeomba msamaha, na mwenye kosa ndiye aliyeletewa mguu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa maana hapa ndipo hesabu inapokaa sawa. Matao yaliposimama, tulipigilia pini ndogo katika kuta zote mbili na katika paa, na kila asubuhi nilipima kwa utepe wa chuma kuona kama kuta zinakaribiana. Kitabu cha vipimo hivyo nilikishika mimi mwenyewe. Katika mwamba wa alama hamsini na mbili, kuta husogea milimita tano, labda sita, kisha zinatulia. Siku ya kwanza pale zilisogea milimita kumi na moja. Siku ya pili, kumi na nne. Siku ya tatu, kumi na tatu. Zege lilipasuka mistari kama unyayo wa mtu atembeaye pekupeku. Matao manne yalipinda miguu. Siku ya kumi jumla ilikuwa sabini na nne. Niliomba kila asubuhi kabla ya kuvuta utepe. Sina aibu kulisema hilo mbele ya Baba Mchungaji. Halafu zikaanza kupungua: mbili, moja, moja. Siku ya kumi na tisa utepe haukubadilika. Mlima ulikuwa umeegemea chuma, na chuma kilikuwa kimekubali.

Je, bila matao lingeanguka? Mpimaji mwaminifu haapi juu ya jambo asiloliona. Lakini nimekaa na mwamba miaka thelathini na mmoja, na nawaambia kwamba boliti zenye nafasi pana na wavu wa waya havishiki milimita sabini na nne. Wachimbaji wanane walikuwa wafanye kazi chini ya paa lile siku ileile, na wa tisa, mbele yao wote, kama ilivyo desturi yake, ni shemeji yangu. Hao tisa wako hapa. Nimewahesabu walipoingia.

Hiyo ndiyo taabu ya kazi yetu. Ukikosea, mlima unakutangaza. Ukipatia, hakuna kinachotokea; watu wanatoka, wananawa, wanakwenda kula, na wanakuuliza kwa nini uliwachelewesha.

Shemeji yangu aliyaona matao yale. Kwa miezi yote iliyobaki, kila alipoingia zamu, alipofika tao la tatu, lile lililopinda zaidi, aliinua mkono akaligusa kwa kiganja, kisha akaendelea na njia yake. Nilimwona. Naye alijua namwona. Hatujawahi kulizungumza.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Jumatatu bodi yako inakaa kuchagua nani aongoze upimaji katika handaki la pili. Mezani patakuwa na majalada. Katika jalada la Debora patakuwa na karatasi mia tatu na zaidi zisizo na dosari, na patakuwa na maneno yale, “woga kupita kiasi”, na chini yake karatasi yenye saini yangu. Kitabu cha vipimo hakimo. Kiko katika kabati jingine, na hakuna aliyewahi kuviweka pamoja. Matao yenyewe hamwezi tena kwenda kuyaona, kwa kuwa yamefunikwa na zege la mwisho, na baada ya saa moja yatakuwa chini ya maji. Ushahidi uliobaki ni mzee mmoja. Nalo ndilo jambo lililonitia hofu mwaka huu kuliko mwamba wowote: kwamba nitakwenda kumfuata Wena, na binti huyu atakosa kazi yake kwa sababu ya alama ambayo mimi mwenyewe sikuiamini nilipoiandika.

Kwa hiyo nakukabidhi vitu vitatu, mbele ya mashahidi. Hili ni daftari langu la mfukoni, ukurasa nimeukunja, utaona thelathini na saba, na tarehe. Hiki ni kitabu cha vipimo. Na hii ni nakala ya karatasi ya mia mbili na kumi na mbili. Nimeikata alama yangu kwa mstari mmoja, kama inavyotakiwa, ili ya zamani isomeke, nikaandika pembeni sababu, nikatia saini upya. Bwana Pascoe ameiona jana, naye ametia yake. Pokea, tafadhali, Mheshimiwa. Samahani kwa alama ya jasho.

Sikuandika kwamba shemeji alikosea. Kazi ya msimamizi ni kutaka kwenda mbele. Bila watu kama yeye tungekuwa bado tumesimama mlangoni. Kazi ya kusema hapana ilikuwa yangu.

Sasa imebaki kutaja jina.

Mheshimiwa, katibu wa bodi aliniambia wiki iliyopita, “Mzee, kumbukumbu zinataka jina kamili. Debora tunao wawili, na mmoja ni mpishi wa kantini.” Anayo haki. Lakini wageni wetu hawajui katibu aliniomba nini. Debora, kama ilivyo kwetu sote, jina lake la pili ni jina la baba yake. Katika miaka yote ya kazi yetu, karatasi mia tatu na zaidi, niliandika “Debora” nikaacha nafasi, naye akaimalizia kwa mkono wake. Hata siku ya Jumanne ile. Siwezi kumpendekeza kwa nusu ya jina. Mwaka ule niliinyima karatasi nusu ya ukweli. Leo siwezi kuinyima nusu ya jina.

Shemeji, nakuomba unisamehe kabla sijakosa. Nyuma ya hema, chini ya mvinje, kuna nguruwe amefungwa. Ni kwa ajili ya jina lako nitakalolitamka. Na ni kwa ajili ya mguu ule.

Naam, shemeji? Naona umesimama. Mpisheni, jamani, anataka kusema.

Mabibi na mabwana, kwa walioko nyuma ambao hawakusikia: ameniuliza, “Mkubwa kiasi gani?”

Shemeji, ni mkubwa. Watu wawili walimbeba kwenye mti.

Anasema, “Kuliko wa Debora?”

Kuliko wa Debora. Ndiyo. Cheka tu, mwamba haupo hapa wa kutuangukia.

Anasema, “Basi litaje, shemeji. Na ulitaje kwa sauti, wa mlango wa juu wasikie.”

Mheshimiwa Gavana, Mheshimiwa Mkurugenzi, wazee wa Nerawa, na nyinyi wa mlango wa juu: kuongoza upimaji wa mwamba katika handaki la pili, nampendekeza mpimaji aliyesikia sauti ileile niliyoisikia mimi, akaiandika kama alivyoisikia. Nyundo hii ilikuwa yangu. Mpini wake aliuchonga Wena kwa mti wa bustani yetu. Njoo uichukue, binti yangu.

Jina lake ni Debora Siune.

Nimemaliza. Kwa subira yenu juani, na kwa masikio mliyonipa bila kuyahesabia muda, nawashukuru wote kwa unyenyekevu. Mheshimiwa Gavana, sasa unaweza kuyafungulia maji.